Kipande cha Reli kwenye Njia ya Kwihara

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima. Dada yangu alinihakikishia kwamba gofu ni mchezo wa watu wenye viatu, na kwamba nikifika pale na kandambili nitaonekana mwizi wa mipira. Basi nikaazima viatu vya jirani yetu wa Chemchem, nikavijaza pamba mbele ili visinivuke, nikatembea navyo mpaka kiwanjani huku nachechemea. Msimamizi wa Kiwanja, Mzee Mihambo, alivitazama viatu, akanitazama na mimi, kisha akaniambia nivivue niviache kwenye banda la zana.

Nilidhani atanipeleka kwenye trekta. Nilikuwa nimeshaliona limeegeshwa, jekundu, na moyoni nilikuwa nimeshaliendesha. Mzee Mihambo akalipita, akaipita na nyumba ya klabu, akanifikisha katikati ya kiwanja, mahali ambapo njia ya miguu inakata nyasi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Pale palikuwa na mti wa mninga, na kwenye tawi lake kimening'inizwa kipande cha reli, kama vile mlivyoviona shuleni. Chini yake palikuwa na chuma cha kugongea.

"Hii ndiyo kazi yako," akasema.

"Kugonga reli?"

"Kugonga reli. Hii njia inatoka wapi?"

"Kwihara."

"Na kabla ya Kwihara?"

"Sijui, mzee."

"Hata mimi sijui. Waliokuja na mchezo huu walikuta watu wanapita hapa. Misafara imepita hapa na mizigo kichwani kabla babu yangu hajazaliwa. Kwa hiyo anayepita ndiye mwenye njia, mchezaji ni mgeni. Ukiona mtu ameingia kwenye nyasi, gonga. Awe mama wa kuni, awe mtoto wa shule, awe mlevi. Mchezaji akisikia reli anashusha fimbo mpaka ncha yake iguse ardhi, na anasubiri mpaka wa mwisho avuke."

Nilikuwa na hasira, kwa hiyo nikamuuliza, "Na mbuzi je?"

"Mbuzi akiwa na mchungaji, gonga. Akiwa peke yake, mfukuze kwanza."

Akaondoka bila kucheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba Mzee Mihambo alikuwa anacheka ndani kwa ndani, na kwamba siku ile alicheka mpaka alipofika bandani.

Niwaeleze nilifikaje pale, maana binti wa mjini kufanya kazi ya nyasi ilikuwa jambo la kuulizwa. Baba yangu alikuwa fundi bati sokoni. Ndiye aliyekitengenezea kiwanja vikombe vya mashimo, yaani vile vikopo vinavyozikwa ardhini ili kuta za shimo zisibomoke na mpira ukapotelea mchangani. Siku alipopeleka vikombe akasikia klabu inatafuta vijana wa kujifunza kazi, akawaambia ana binti nyumbani anayegombana na kila mtu, labda nyasi atapatana nazo. Hiyo ndiyo barua yangu ya maombi ya kazi.

Wala msidhani kiwanja chetu kilikuwa kama vile mnavyoviona kwenye televisheni, vya kijani mpaka macho yanauma. Kilikuwa kimeachwa kikawa pori, wakazi wa Tabora wakakifufua wenyewe kwa mapanga na mafyekeo: walimu, wauguzi, watu wa reli, wafanyabiashara wa mjini. Kilikuwa cha jamii, na kwa kuwa ni cha jamii walikubaliana tangu mwanzo kwamba kila msimu kitapokea vijana wachache wajifunze kazi. Tuliitwa wanagenzi. Siku hizi wanasema wako fildi, lakini jasho ni lile lile.

Wiki yangu ya kwanza kwenye reli, mchezaji mmoja mwenye cheo kikubwa mkoani alikuwa ameshanyanyua fimbo nilipogonga. Alikuwa anapita bibi mmoja na tenga la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na alikuwa anatembea kama mtu asiye na haraka yoyote duniani. Yule bwana akanigeukia.

"Wewe binti, unanisimamisha mimi?"

Mzee Mihambo alikuwa karibu anafyeka, akanyoosha mgongo wake na kusema kwa adabu kabisa, "Bwana mkubwa, hata mimi ananisimamisha. Hebu tumsalimie bibi."

Yule bwana akashusha fimbo. Akasema, "Shikamoo, bibi," na bibi akamjibu, "Marahaba, baba, nawe unalima nini hapa?" Tangu siku hiyo nikaacha kuionea aibu ile reli. Nilikuwa binti wa fundi bati, na nilikuwa nimepewa uwezo wa kumsimamisha mtu yeyote mkoa mzima, ilimradi anapita mwenye njia.

Kutoka kwenye reli nilihamishiwa kwenye brauni. Hili neno vijana wengi hawalijui. Sehemu ile yenye shimo, ambako mpira unasukumwa taratibu uingie, viwanja vya matajiri huwa na nyasi fupi laini. Sisi hatukuwa na maji ya kutunza nyasi za namna hiyo wakati wa kiangazi, kwa hiyo tulitumia mchanga uliochekechwa na kuchanganywa na oili chafu ya gereji ili upepo usiupeperushe. Huo ndio brauni. Wachezaji wakishapita umejaa nyayo, na mwanagenzi anausawazisha kwa kuburuta kibao akizunguka, kuanzia kwenye shimo kwenda nje. Ukianzia nje kwenda ndani, unalifunga shimo kwa kilima cha mchanga na wachezaji wanakutukana mpaka jioni.

Mzee Mihambo alikuwa akikagua brauni kwa kulala chini, shavu moja mchangani, jicho moja limefungwa. Akiinuka bila kusema neno, ujue umefaulu. Akisema, "Naona vilima vya Nzega hapa," unarudia. Nilirudia mara nyingi, nikinung'unika, na nguo zangu zikinuka oili hadi mama akanikataza kukaa kwenye mkeka wa wageni.

Baada ya brauni nikawekwa kwenye banda la wabeba mikoba. Pale nilijifunza kuwapanga vijana kwa zamu, na kuwafundisha kubeba mkoba wa fimbo begani bila kugonganisha vyuma. Mzee Mihambo alikuwa akiwatania hao kuliko wote. "Babu zetu walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani," aliwaambia, "na wewe mkoba huu mmoja unakupinda kama ndizi?" Halafu nikapelekwa karakana, chini ya Fundi Mitambo, mtu wa maneno machache aliyenifundisha kunoa visu vya mashine ya kukatia nyasi na kusikia kwa sikio kama injini ina kiu ya oili. Na trekta nikaliendesha hatimaye. Mara ya kwanza niliendesha nikilia, na sioni haya kusema ni kwa furaha.

Mzee Mihambo alipostaafu, Katibu wa Klabu aliniita ofisini. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, anayezungumza kana kwamba kuna darasa nyuma yako linaloandika.

"Mwajabu," akasema, "kuanzia leo wewe ni Msimamizi, na wanagenzi wote wako chini yako. Mzee Mihambo ameacha agizo moja tu."

"Agizo gani, mwalimu?"

"Kwamba kila anayeingia, aanzie kwenye reli. Hata akija na cheti cha chuo."

Nililishika agizo hilo. Walikuja vijana wa Chemchem na wa Ng'ambo, watoto wa wakulima wa vijijini, na vijana wa vyuo waliotakiwa kufanya mafunzo kwa vitendo. Wote walinuna walipoonyeshwa mninga na kile chuma. Wote walianzia hapo. Nilitaka kwanza wajifunze kutazama watu, halafu ndipo watazame nyasi. Wengi leo ni watunza bustani wa mahoteli, madereva wa matrekta, mafundi wa mashine, na mmoja ana kitalu chake cha miche anachonitambia kila nikipita.

Sasa nije kwenye habari ninayoulizwa sana, ya Kalunde.

Kiwanja kilipata Mwenyekiti mpya wa Kamati, mfanyabiashara wa mjini, mtu mwadilifu na mwenye haraka. Alipenda kiwanja kiwe na nyasi kwenye mashimo badala ya brauni, na hapo nilikuwa naye. Hakupenda wanagenzi. "Mama Mwajabu," aliniambia mbele ya kamati nzima, "hiki ni kiwanja, si shule. Vijana hawa wanaharibu kuliko wanavyotengeneza. Tulete mkandarasi." Nilimjibu kwa ukali uliozidi kidogo unaofaa kumjibu mwenyekiti. Mwishowe tukafikia makubaliano: wanagenzi waoteshe nyasi kwenye shimo la tisa, lililo mbele ya nyumba ya klabu. Zikishika, mafunzo yanaendelea. Zisiposhika, mafunzo yanafungwa na vijana wote wanarudi makwao.

Nyasi tulizochagua zilikuwa ukoka. Tulichagua mbegu laini, inayotambaa na kushikana, tukaiotesha kwenye kitalu nyuma ya nyumba ya klabu. Kiangazi kizima tuliimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo na ya kunawia mikono, maana bomba letu lilikuwa linadondosha tu. Wakati huohuo tulichimba na kuondoa ule mchanga wa oili wa shimo la tisa, tukaweka udongo na samadi, tukasawazisha. Ilibaki kamati kuja kukagua kitalu, na mvua kunyesha.

Kalunde aliletwa na baba yake katika siku hizo. Walitoka upande wa Kwihara, wakulima wa tumbaku. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, mwenye mikono ya mtu aliyeshika jembe tangu utotoni. Baba yake aliniambia waziwazi mbele yake, "Mama, nimempa msimu mmoja. Akipata kazi huku, sawa. Asipopata, anarudi kwenye mabani ya kukaushia, maana tumbaku haijikaushi." Kalunde alitazama chini. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, aliniambia moshi wa mabani unamkaba kifua, na kwamba amemwomba Mungu asirudi kule. Alisema mara moja tu, na hakurudia.

Nikampeleka kwenye reli, kama wote. Kule alikokuwa hakuona kitalu wala hakusikia habari zake. Alijua tu, kama kila mtu alivyojua, kwamba Jumatatu kamati inakuja kukagua nyuma ya klabu.

Jumatatu hiyo nilifika mapema na kumkuta Kalunde ameshafika zamani. Alikuwa amekuja na jembe la kwao. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba ya klabu, na ufagio mkononi, na mbele yake ardhi nyekundu, tupu, imefagiwa mistari mizuri. Pembeni kulikuwa na rundo la majani.

"Shikamoo, mama," akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Nimepasafisha. Wageni wasije wakakuta ukoka umefika mpaka mlangoni."

Nilikaa juu ya roli, lile pipa zito la kusawazishia ardhi. Wanaoishi vijijini kwetu watamwelewa. Nyumba yenye heshima ina uwanja mtupu uliofagiwa. Majani karibu na mlango ni uvivu na ni nyoka. Na ukoka ndio mbaya kuliko yote. Mkulima akiukuta shambani anauchimba, anakung'uta udongo kwenye mizizi, anaurundika juani ufe. Kalunde alikuwa amefanya hivyo hivyo kwa ustadi wote aliofundishwa na mama yake. Hakuacha shina hata moja.

"Kalunde," nikamwambia, "hicho kilikuwa kitalu."

Alinitazama, hakuelewa. Nikamweleza. Niliona anavyoelewa, kidogo kidogo, mpaka ufagio ukamtoka mkononi. Hakulia. Alisema kwa sauti ya chini, "Basi nimewafukuza wenzangu wote," na hapo hasira niliyokuwa nayo, na nilikuwa nayo nyingi, ikanitoka.

Wanagenzi wengine walikuwa wanafika. Mmoja, kijana wa mjini, akasema, "Mama, huyu ametumaliza. Tukafunge mizigo tu." Nikamwambia anyamaze na alete magunia na maji. Kwa sababu katika kukaa kwangu pale juu ya roli nilikuwa nimekumbuka jambo ambalo kila mkulima analijua na kulilalamikia: ukoka hauuawi na jembe. Ukiukatakata, kila kipande chenye pingili, yaani pale shina linapojifunga fundo, kinaweza kuchipua. Kitu pekee kinachoumaliza ni jua. Na jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda.

"Tunaotesha leo," nikawaambia. "Wote. Sasa hivi."

"Mvua haijaja, mama," akasema yule kijana.

Alisema kweli. Vipando vya ukoka, ukivilaza kwenye vijifereji, ukavifukia nusu na kuvigandamiza kwa roli, vinahitaji maji siku hiyo hiyo, maji mengi, na siku zinazofuata pia. Bomba letu lingejaza ndoo moja wakati shimo la tisa linataka mapipa. Pampu ya mkono ya karibu ilikuwa ng'ambo ya kiwanja, kando ya njia ya Kwihara, na sisi tulikuwa kikundi kidogo chenye ndoo chache.

Kalunde alikuwa ameshaanza kufunika rundo kwa magunia mabichi. Akasimama. "Mama, naomba niende kwenye reli."

"Leo hakuna mchezo, Kalunde."

"Najua."

Akaondoka mbio. Muda mfupi baadaye tukasikia reli inagongwa, na haikugongwa kama kawaida, ngo ngo ngo kisha kimya. Iligongwa bila kuacha. Ilikuwa saa ya watu kwenda mjini: akina mama na matenga, wanaume na baiskeli zenye madumu, wanafunzi waliochelewa. Kwa miaka yote reli ile ilikuwa inawasimamisha wachezaji ili hao wapite. Siku hiyo wao ndio waliosimama. Nilikwenda nyuma yake nikamkuta amesimama kwenye mzizi wa mninga, anawaeleza kwa Kinyamwezi. Mimi wa mjini nilishika nusu. Nilisikia anasema amelima nyasi za watu. Nilisikia anasema wenzake watafukuzwa kwa jembe lake. Hakuficha kitu, wala hakujitetea.

Halafu bibi mmoja akatua tenga lake chini na kuuliza, "Pampu ni ile pale? Basi mnangoja nini?"

Walikuja. Si wote, wengine walikuwa na shughuli zao na sikuwalaumu. Lakini walikuja wengi kuliko nilivyostahili kuomba. Wenye baiskeli walishusha bidhaa zao kivulini na kufunga madumu, wakawa wanakwenda pampuni na kurudi. Akina mama walichuchumaa kwenye udongo wakaotesha vipando kwa mstari, wakicheka kwamba maisha yao yote wameung'oa ukoka na leo wanaupanda, na kwamba wakwe zao wasije wakasikia. Wanagenzi walikatakata mashina. Yule kijana wa mjini aliyetaka tufunge mizigo ndiye aliyekuwa anavuta roli, shati amelivua.

Kamati ilifika katikati ya shughuli hiyo. Mwenyekiti alishuka kwenye gari, suruali imepigwa pasi, akasimama kwenye ukingo wa shimo la tisa.

"Mama Mwajabu, hii ni sherehe gani?"

Kabla sijafungua mdomo, Kalunde alinyanyuka, matope mpaka viwikoni. "Shikamoo, bwana. Ni mimi. Nimelima kitalu nikidhani ni magugu. Sasa tunakiotesha kabla jua halijakiua."

"Na watu hawa ni wa nani?"

"Ni wenye njia, bwana."

Mwenyekiti akageuka kuwatazama. Yule bibi wa tenga alikuwa anapita karibu naye na dumu, ameinama upande. Hakumjua ni nani. Akamwambia, "Baba, nimepita hapa tangu nikiwa mwali, na sijapigwa na mpira wenu hata siku moja. Watoto hawa wananigongea. Hebu shika hili, mgongo wangu umechoka."

Akampa dumu. Na Mwenyekiti akalishika, kwa sababu mtu mzima akikupa mzigo unapokea kabla hujafikiri. Alilipeleka mpaka kwenye mstari, akamwagilia vibaya, akaelekezwa na mwanafunzi wa shule ya msingi namna ya kumwagilia taratibu. Akarudi kuchukua jingine. Katibu, yule mwalimu mkuu mstaafu, alikunja suruali akachuchumaa na akina mama. Tulimaliza jua likiwa limesimama utosini, na shimo lote la tisa lilikuwa limefunikwa na magunia mabichi na nyasi kavu.

Siku zilizofuata wenye baiskeli waliendelea kupitia na dumu mojamoja kila asubuhi bila kuitwa. Kalunde aliwapokea kwa "wabeja," asante ya kwao, na mimi nikajifunza kuisema. Kisha mvua ikaja, mvua nzuri ya kwetu, inayoanza na harufu ya vumbi. Ukoka ulichipua kwenye pingili zake kama ulivyotusumbua mashambani siku zote. Masika yalipoisha, shimo la tisa lilikuwa zulia.

Kamati ilikaa. Sijui walisema nini ndani. Najua kwamba Mwenyekiti alitoka akanikuta barazani, akasimama kando yangu, tukatazama nyasi pamoja.

"Mafunzo yaendelee," akasema. "Na yule binti wa jembe, mpeni kazi."

"Amesamehewa, bwana?"

"Nimsamehe nini? Mimi mwenyewe ningelima."

Hiyo ndiyo kauli niliyompenda nayo mpaka leo. Mchana ule nilimtuma Kalunde kwao Kwihara na ujumbe kwa baba yake kwamba tumbaku itabidi itafute mtu mwingine. Alikwenda akikimbia, na njia ilikuwa tupu, hakukuwa na mchezaji hata mmoja, lakini mwenzake aliyekuwa zamu alimgongea reli kwa heshima.

Nimestaafu sasa. Kalunde ndiye Msimamizi wa Kiwanja, na brauni zote zimegeuka nyasi, isipokuwa moja tuliyoiacha ili wanagenzi wajue tulikotoka. Vijana wananiuliza siri ya kazi ni nini, nami huwajibu wakanoe visu kwanza. Nikikaa peke yangu, huwa nashukuru. Namshukuru baba yangu aliyenisema vibaya kwa watu wazuri. Namshukuru Mzee Mihambo, Mungu amrehemu, aliyenivua viatu. Nawashukuru watu wa Kwihara ambao majina yao mengi sikuyapata, waliobeba maji kwa ajili ya mchezo wasioucheza. Nilipewa kazi nikiwa sijui lolote, nikapewa muda wa kukosea, na nikaruhusiwa kuwapa wengine muda huo huo. Sijui mtu aombe nini zaidi.

Nina kishamba changu upande wa Kwihara, nimepanda viazi na karanga. Juzi nilikuwa narudi mjini na tenga kichwani, nikafika kwenye kiwanja. Kwenye mninga alikuwa amesimama mwanagenzi mgeni, hata mwezi hajamaliza, amenuna vizuri kama tulivyonuna sote. Hakunijua. Kule juu, mchezaji alikuwa ameshanyanyua fimbo.

Kijana akagonga reli. Mchezaji akashusha fimbo mpaka ikagusa ardhi.

"Shikamoo, bibi," kijana akasema. "Pita."

Nikamwitikia marahaba. Sikumwambia mimi ni nani. Nilipita katikati ya kiwanja changu polepole sana, na hakuna aliyeniharakisha.